Kamba ya Libah

Wanangu hunicheka kwa sababu ya mafundo. Jioni nikifunga mlango wa zizi la mbuzi wetu wachache pale nyumbani Garissa, nafunga mara mbili, naondoka, kisha narudi kutazama. Nikifunga mfuko wa sukari, atakayetaka chai lazima kwanza atafute kisu. Tukisafiri ndiyo balaa kabisa: utingo akishapandisha mzigo wangu juu ya basi namwomba kamba nifunge mwenyewe, naye hunitazama kama mtu aliyetukanwa. Mume wangu huwaambia wageni kwamba alioa mwanamke aliyezaliwa na kamba mkononi. Nimecheka nao miaka yote hiyo. Sikuwahi kuwaambia kwamba nikiwa mtoto nilimuua mbwa kwa fundo lililolegea. Ndivyo nilivyoamini, na niliibeba imani hiyo mpaka juzi tu, tulipokwenda Tarbaj kumlilia ayeyo, bibi yangu mzaa mama.

Tulifika tumechelewa. Mvua ilikuwa imekata barabara mbele ya Habaswein, tukalala huko tukisubiri maji yapungue, na tulipofika bomani ayeyo alikuwa ameshazikwa. Nilipoinama kuingia katika nyumba yake ya mikeka, harufu ilinipokea kabla ya watu. Kuna mtu alikuwa ndiyo kwanza amefukiza vyombo vya maziwa. Ninyi mliolelewa kwa maziwa ya ngamia mnaijua harufu hiyo: kijiti chenye moto kinatumbukizwa ndani ya dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kinatikiswa, kinafunikwa, na maziwa ya kesho yanakuwa na ladha ya kuni. Juu ya moshi huo palikuwa na harufu ya samli. Nilisimama pale mlangoni, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikajikuta nanusa viganja vyangu.

Nilipelekwa kwa ayeyo mama alipojifungua mapacha akabaki hana nguvu hata ya kuniita. Niliambiwa ni kwa muda mfupi tu. Kumbe wakubwa wana hesabu yao ya muda mfupi, kwa maana nilikaa hadi kiangazi kikakauka kikawa ukame, na ukame ukakaa nasi. Lakini sikulalamika, kwa sababu kwa ayeyo nilikuwa mtu. Huku kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile: mimi namwita ayeyo, naye ananiita ayeyo, mjomba namwita abti, naye ananiita abti. Kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani maana yake ni kwamba tuko sawa, na kwamba mtu anayekuita kwa jina lake mwenyewe hawezi kukuficha kitu. Niliipenda sana desturi hiyo. Hata sasa naipenda, ila siiamini tena.

Na kulikuwa na Libah. Jina lake ni simba kwa Kisomali, ingawa simba mwenyewe alikuwa mwembamba, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, mkia umejikunja kuelekea kushoto. Mbwa wa boma si kama mbwa wa vitabu vya shule, anayelala kwenye zulia. Libah alilala nje ya ua wa miiba, akala kwenye kipande cha sufuria kuukuu ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, na hakuna aliyewahi kumwita ndani. Kazi yake ilikuwa fisi na mbweha. Mate yake yalikuwa najisi na sote tulilijua hilo kabla hatujajua kuhesabu. Ayeyo, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinipa sheria moja tu.

"Mkono mkavu, mbwa mkavu," aliniambia. "Kikavu kwa kikavu hakuna neno. Ukilowa wewe, au akilowa yeye, mkae mbali."

Kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa wa saa za jua kali. Nilimsubiri mchana, watu wakiwa wamejilaza, nikajipangusa viganja kwenye gauni mpaka vikawa vikavu kabisa, halafu nikamkuna nyuma ya lile sikio lililochanika. Alifumba macho. Manyoya yake yalikuwa ya moto na yalinuka vumbi. Wakubwa walipokusanyika kuomba mvua, mikono juu, mimi niliitikia amin kwa sauti ya chini sana, kwa sababu mvua ikija Libah atalowa. Nilikuwa na hofu ya kweli kwamba Mungu angesikia sauti yangu kuliko zao.

Tatizo la Libah lilikuwa tumbo. Hakuwa na adabu ya kuchagua. Alikula ngozi, alikula kamba za viatu, alikula vitu vilivyotoka kwa mbuzi aliyezaa kabla mbuzi mwenyewe hajageuka. Siku moja alikula ukanda wa ngozi unaobebea dhiil, kwa sababu ulikuwa umelowa maziwa ya miezi na miezi. Ayeyo alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Alikiosha chombo kile mara saba, moja kwa udongo, akiapa kati ya kila mara kwamba mbwa yule atakufa kwa tumbo lake. Libah naye akaanza kuumwa. Tumbo lilijaa, akajilaza chini ya mgunga bila kuitikia jina, akajaribu kutapika na kisitoke kitu.

Nililia. Nililia mpaka ayeyo akaniambia ninyamaze kwa kuwa ng'ombe wa jirani wananisikia. Halafu akafanya jambo ambalo lilinifunga kwake moja kwa moja. Alichukua samli, na ninyi mnajua samli ni nini wakati wa kiangazi, akaiyeyusha, akanizungushia mikono vitambaa hadi kwenye viwiko, akanipa shingo ya mtungi wa plastiki iliyokatwa iwe mrija. Yeye alisimama mbali na fimbo yake, ananielekeza.

"Inua kichwa. Si hivyo, utamkaba. Polepole. Mwache ameze. Haya, tena."

Kesho yake ukanda ulitoka ulikotoka. Sitaeleza zaidi, ila ayeyo alicheka hadi akakaa chini. Kisha aliniosha mikono kwa udongo, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba, nami nikihesabu naye. Usiku ule nilimwambia kwamba nikiwa mkubwa nitamnunulia nyumba ya mabati. Alisema ni joto mno, nimnunulie ngamia.

Ukame ulipozidi, mizoga ikawa mingi. Kwanza ng'ombe wa watu waliotoka upande wa Buna wakitafuta majani, halafu kondoo, halafu mbuzi wetu wenyewe. Libah alinenepa. Hilo lilinifurahisha na sikuona ubaya wake. Kila kitu kingine kilionyesha mbavu, yeye akaanza kung'aa. Alipotea asubuhi nzima, akarudi amechoka na mdomo umeganda damu, nami nikafurahi kwamba rafiki yangu ameshiba. Wakati huo huo vitoto vya mbuzi vikaanza kupotea. Kinazaliwa leo, kesho hakipo. Ayeyo alikuwa amebakiwa na mbuzi wachache tu wenye maziwa, na maziwa yale ndiyo yaliyotulisha, yeye na mimi. Kila kitoto kilipopotea alikaa akitazama ua wa miiba.

"Ni fisi," nilimwambia, kama mtu mzima anayemfariji mwenzake.

"Huenda," alisema.

Ndipo Abti Nur alipokuja. Ni kaka yake mama, mpeleka mifugo sokoni, mtu aliyejua kila njia ya kutoka Tarbaj hadi Habaswein na aliyekuwa na Kiswahili chake alichokiokota barabarani, ambacho alikipenda kuliko Kisomali alichozaliwa nacho. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga ngamia. Unamkunja goti, unazungusha kamba, unaipitisha chini ya yenyewe, halafu unakaza. Akivuta, inazidi kukaza. Alinifanyisha hadi vidole vikatoka malengelenge. Nilipolipata fundo lenyewe aliita watu waje waone, na nilitembea siku nzima nikifunga kila kitu nilichokikuta.

Safari hii alikuja na chupa isiyo na karatasi, ndani yake punje ndogo za rangi ya zambarau. Mbuzi mmoja alikuwa amekufa bondeni usiku wa kuamkia siku hiyo. Abti alichana mzoga wake, akautia sumu, akaufunika kwa miiba ili ndege wasiufikie, kwa ajili ya fisi. Na desturi yetu iko wazi: anayetega sumu lazima apite boma kwa boma, awaambie watu wafunge mbwa wao mpaka mzoga uchomwe. Asipopita, mbwa wa mtu akafa, atajibu mbele ya wazee.

Niliomba kwenda naye. Tulizunguka mchana kutwa juani. Kila boma alisalimu, akaulizwa habari za mvua, akasema maneno yale yale kwa Kisomali, funga mbwa wako, kuna sumu bondeni. Tulimaliza kwa mwalimu wa shule, mtu wa bara, ambaye alikuwa na mbwa mnene mweupe aliyelala ndani ya nyumba, juu ya mkeka. Nilibaki mdomo wazi.

"Mwalimu, funga umbwa yako fizuri," Abti alimwambia. "Sumu iko bale kwa bonde. Siku mbili, tatu hifi. Akienda huko, habana rudi."

"Asante, Nur. Umefanya vyema kuniambia," mwalimu alisema, na palepale akamvuta yule mbwa kwa ukosi, akamkumbatia kwa mikono mitupu. Nilitaka kumwuliza kama viganja vyake ni vikavu.

Tulirudi nyumbani jua likiwa limeanza kulegea. Abti alikaa na ayeyo, wakanywa chai, wakazungumza kwa sauti ndogo. Kwetu hakutoa tangazo. Nililigundua hilo, na nikalielewa kwa namna yangu: mtu hajitangazii mwenyewe. Kwa hiyo nikafanya kazi ambayo nilidhani imeachiwa mimi. Nilichukua kamba ya kufungia ngamia, nikamwita Libah chini ya mgunga, mkono mkavu, mbwa mkavu, nikamfunga. Sikumfunga shingoni peke yake, nilipitisha pia kifuani ili asijikabe. Fundo la ngamia. Alivuta, likakaza. Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hajawahi kufungwa maishani mwake, kisha akalala juu ya miguu yangu.

Nilimwendea ayeyo nikiwa nimejaa sifa. "Nimeshamfunga Libah. Fundo la Abti."

Ayeyo alimtazama Abti. Abti alitazama chai yake. "Haya," ayeyo alisema. "Umefanya vizuri."

Asubuhi niliamka watu wameshaswali. Chini ya mgunga hapakuwa na mbwa. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye ua wa miiba, imekunjwa vizuri, mizunguko sawasawa, kama ayeyo alivyokunja kamba zake zote. Nilidhani ameiokota chini baada ya mbwa kutoroka, kwa sababu ayeyo hakuvumilia kamba iliyolala mchangani. Sikuuliza. Nilianza kukimbia.

Nilimkuta njiani, karibu na bwawa lililokauka. Alikuwa anarudi nyumbani na hakufika. Miguu ilikuwa ikipiga hewani kama anakimbia hali amelala ubavu, mwili wote unatetemeka, povu limemjaa mdomoni na kudondoka mchangani, macho wazi lakini hayanioni. Nikamwita. Mkia ukapiga chini mara moja. Nikageuka mbio kuelekea nyumbani, nikipiga kelele kutoka mbali.

"Ayeyo, samli! Libah amekula kitu tena! Samli, ayeyo!"

Alikuwa jikoni akifukiza dhiil, moshi umemzunguka. Hakuuliza Libah yuko wapi. Hakuuliza amekula nini. Aliweka chombo chini, akanyoosha mkono, akashusha chupa ya samli iliyokuwa imetundikwa juu kabisa, ile ya wageni, ambayo hata mimi nikiwa na homa sikuonjeshwa. Akanipa yote. Nakumbuka nilivyofikiri nikikimbia nayo: hakuna mtu duniani anayenipenda kama huyu.

Sikuwa na vitambaa wala mrija. Nilikishika kichwa cha Libah kwa mikono mitupu, kimelowa, nikammiminia samli ndani ya lile povu, nikimwambia maneno ya ayeyo, polepole, haya, tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa akiwa amelowa. Mate yake yalikuwa ya vuguvugu na yaliniteremkia mpaka viwikoni, na sikujali. Aliacha kutetemeka nikadhani samli imefanya kazi. Nilikaa hapo nikimngoja aamke mpaka Abti alipokuja kunichukua.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza bwana mifugo mmoja hapa Garissa, kama mtu anayeuliza jambo la mwenzake, na akaniambia kwamba kwa sumu ya namna ile mafuta hayasaidii, huenda hata huiharakisha. Sidhani ayeyo alilijua hilo. Naomba awe hakulijua.

Mchana ule ayeyo aliniosha mikono. Alikaa na bakuli la maji, maji ambayo tulikuwa tukiyapima kwa kikombe, na udongo safi, akanisugua kuanzia vidole mpaka juu ya viwiko. Safari hii hakuhesabu kwa sauti. Nilihesabu peke yangu, na nilipofika saba aliendelea.

"Nilikaza," nilimwambia. "Wallahi nilikaza kama Abti alivyonifundisha."

"Labda haikukaza vizuri," alisema, macho yake yako kwenye bakuli. "Vidole vyako bado laini, ayeyo."

Hapo ndipo nilipovunjika. Libah hakuwa wangu, alikuwa mbwa wake, mlinzi wa mbuzi wake waliobaki, na mimi nilikuwa nimemuua kwa kujifanya najua. Nililaza kichwa mapajani pake, nikaomba msamaha. Niliomba jinsi watoto wanavyoomba, kwa kamasi, nikiahidi mambo yasiyowezekana. Aliweka mkono wake kichwani kwangu. Ulikuwa bado na majimaji ya udongo.

"Nimekusamehe, ayeyo," alisema. "Allah naye akusamehe."

Sauti yake haikukwama popote. Nilishukuru kuliko nilivyowahi kumshukuru mtu. Siku chache baada ya hapo mvua ilinyesha, kisha baba akaja kunichukua, na kwenye gari nilikagua kamba ya mzigo kila tuliposimama. Nimeikagua tangu siku ile.

Sasa turudi msibani. Alasiri wageni walikuwa wamepungua, nasi tumekaa kivulini, mimi, mume wangu na Abti Nur, ambaye sasa ana ndevu zilizopakwa hina na meno machache. Mume wangu ni mtu wa Garsen na Kisomali chake ni cha kubahatisha, kwa hiyo Abti alikitoa kile Kiswahili chake cha zamani kwa furaha. Mume wangu, katika kutafuta la kusema, alimwonyesha begi letu jinsi lilivyofungwa.

"Tazama mjomba, mke wangu huyu. Nitabadilisha nguo lini?"

Abti alicheka, akalivuta begi, akalipapasa fundo kwa vidole vyake vizee. "Hii ni mimi nilifundisha yeye! Ni ya ngamia. Ngamia mkubwa, dume, habana toka. Hata ile umbwa yake haikutoka. Ilifuta, ilifuta, wabi! Ayeyo ndio alienda kufungua, asubuhi, baada ya kuswali."

Nilisema, "Nani alifungua?"

"Ayeyo yako." Alinitazama. "Hukujua? Abti, ile umbwa ilikuwa inakula fitoto fya mbuzi. Ayeyo aliona kwa macho yake. Ilizoea nyama ya mizoga, ikaharibika. Mimi nilisema niue na rungu, akakataa, akasema ni dhambi, na wewe utalia. Akasema tuwache tu bila kufunga, sumu ni ya fisi, kama itaenda ni yenyewe imeenda. Sasa wewe ukaenda ukafunga!" Alipiga goti lake, akicheka kwa upole jinsi watu wanavyocheka mambo yaliyopita. "Ikabidi afungue. Alihangaika na hiyo fundo, alikuja akanionyesha kucha imefunjika."

Mume wangu alicheka kidogo, kisha akauona uso wangu akaacha.

Nilitazama ua wa miiba, palepale kamba ilipotundikwa. Yote yalikuwa mbele yangu siku ile na niliyasoma yote kinyume. Mizunguko ya kamba. Boma lisilotangaziwa. Samli iliyotoka bila swali hata moja. Mbwa alikuwa na makosa, nakubali. Mbuzi wale walikuwa maziwa yetu, nakubali. Kama angeniketisha akaniambia, Libah anakula vitoto na lazima afe, ningemchukia wiki nzima, ningemchukia mwezi, kisha ningekua nikaelewa. Mimi mwenyewe leo ninafuga. Si hilo linalonichoma. Linalonichoma ni kwamba alinitazama nikijilaumu, mtoto mdogo, akaona lawama ile inamfaa, akaniachia. Alipata miaka ya kuniambia. Nilikuwa nikienda kila likizo. Nilimpelekea shuka, dawa za magoti, simu, na yule ngamia niliyemwahidi, na kila mara nilipomfunga ngamia yule alinitazama nikirudia fundo mara ya pili, akanyamaza.

"Kwa nini hakuniambia?" nilimwuliza Abti, safari hii kwa Kisomali.

"Alikupenda mno," Abti alijibu. "Hakutaka umchukie."

Kwa hiyo nikajichukia mimi badala yake. Sikulisema hilo. Mzee alikuwa ameshakunja uso wa kazi, kwa sababu kulikuwa na jambo lililobaki. Yeye ndiye mwana mkubwa wa marehemu, na huku kwetu mwana mkubwa ndiye anayezunguka kwa wote waliomjua, anawaomba wamsamehe maiti lolote alilowakosea, ili aende mwepesi. Siku ya mazishi walisema wote, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimekwama Habaswein.

"Umebaki wewe, abti," alisema, na machozi yakamjaa mzee yule aliyekuwa akicheka sasa hivi. "Umesamehe ayeyo yako?"

Mume wangu alinigusa kiwiko. Wanawake waliokuwa mlangoni waligeuka kunitazama. Moshi wa vyombo ulikuwa bado unatoka ndani, na ile harufu ya samli. Nilitafuta moyoni mwangu kama kuna neno la kumpa na sikulipata, nilikuta hasira tu, mbichi, ya leo, kwa mtu ambaye siwezi tena kumwuliza.

"Nimemsamehe," nilisema. "Allah naye amsamehe."

Yalitoka bila kukwama popote. Abti alijipangusa uso akasema alhamdulillahi, mume wangu akaitikia amin, na mtu akaleta chai. Nikanywa. Hakuna aliyejua kwamba nimesema uongo, kama mimi nisivyoujua uongo wa ayeyo mchana ule, kichwa changu kikiwa mapajani pake na mkono wake ukinipapasa nywele.